Mvivu wa Vulamba na Vyerehani vya Papa Syauswa

Mjini Butembo mtu anaweza kusamehewa mengi. Mlevi husamehewa akiacha, mwizi husamehewa akirudisha, hata mwanasiasa husamehewa, ingawa yeye haombi. Mvivu hasamehewi. Huu ni mji uliozoea kujitengenezea mambo yake huku serikali ikiwa na shughuli nyingine, na jua linapochomoza linakuta watu tayari wamo njiani na mizigo. Wasio na mzigo hutembea haraka vilevile, ili waonekane kwamba wanakwenda kuuchukua.

Katika mji huo, kwenye komini ya Vulamba, moja ya tarafa zake, aliishi kijana aliyeitwa Ignace Maliro. Sifa yake ilikuwa moja tu na kila mtu aliijua: mvivu.

Sifa hiyo aliitoa kwao Masereka, kule juu kwenye baridi, ambako mashamba ya viazi na vitunguu yamelala kwenye miteremko mikali hata mkulima hulima kama mtu anayepanda ngazi. Baba yake, Mathe, alikuwa fundi wa jembe, mtu ambaye hata msibani aliuliza kama hakuna kuni za kupasua. Ignace alipokuwa mdogo alitumwa kufukuza ndege kwenye ngano. Watoto wa jirani walikimbia huku na huku wakipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Ignace alifunga makopo matupu kwenye kamba ndefu iliyozunguka shamba zima, ncha ya kamba akaifunga kwenye kidole gumba cha mguu, kisha akalala chali na kitabu cha katekisimu juu ya uso. Ndege walipotua, alitikisa mguu. Shamba zima lililia kama karakana.

Mathe alimkuta hivyo, akamchapa.

"Lakini ngano imepona, papa!" mtoto alilia.

"Ngano imepona, lakini weye ulilala!"

Hiyo ndiyo ilikuwa kesi yenyewe, na Ignace aliibeba maisha yake yote. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kazi yake haikufanyika. Walisema kwamba yeye hakuonekana akiifanya.

Vita vya kwanza vilimkuta shule ya msingi, vya pili vilimkuta sekondari. Vile vilivyofuata, ambavyo wataalamu bado hawajakubaliana kuvipa namba, vilimkuta Butembo akisomea informatique, yaani mambo ya kompyuta. Alipopata graduat yake, cheti cha miaka mitatu ya chuo, alichukuliwa na Mama Falonne, mwenye cyber moja karibu na soko. Falonne alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuuzia samaki, na alimpenda Ignace kwa sababu moja: kompyuta zake hazikufa. Ila alimkataza kuketi mlangoni.

"Ukiikala pale, batu banasema hapa hapana kazi. Ikala nyuma."

Basi Ignace aliketi nyuma, na huko nyuma ndiko alikomfuga makako wake.

Makako huyo alikuwa kiongezo kidogo ndani ya Mozilla, programu ya kufungulia kurasa za mtandao, chenye picha ya uso wa nyani kwenye kona ya dirisha. Hakuwa na akili yoyote. Alichokuwa nacho ni utii. Ignace alimwandikia amri chache, mistari kumi au ishirini, na kila ukurasa fulani ulipofunguka makako alizisoma na kuzifuata: tafuta kiungo chenye neno hili, kibofye, ngoja, tafuta kingine. Ukurasa ukiisha, bofya "Suivant", yaani unaofuata, anza tena. Mtawa mmoja alipokuja kuchukua masomo ya misa ya mwaka mzima, kila siku ikiwa na kiungo chake, Ignace aliandika amri, akabonyeza mara moja, akaenda kunywa chai. Mtawa alibaki akitazama kurasa zikijifungua zenyewe, akafanya ishara ya msalaba, kwanza kwa hofu, halafu kwa shukrani.

Mwanamke aliyeyaona hayo na kucheka alikuwa Victorine.

Victorine alikuwa binti wa Papa Syauswa, muuzaji wa jumla wa vyerehani, na ndiye aliyekuja cyber kuandika barua pepe za baba yake kwenda Dubai. Alikuja kwa barua pepe, akarudi kwa barua pepe, na mwishowe akaanza kuja hata siku ambazo Dubai hawakuwa na la kusema. Ignace alipotuma wajomba wake kugonga mlango wa Papa Syauswa kama desturi inavyotaka, mzee aliwapa viti, akawapa soda, akawapa na jibu.

"Mutu mwenye anatumika kazi akiikala? Kwetu mutu anaikala akishazeeka. Mumwambie arudi akizeeka."

Wajomba walimaliza soda, wakarudi. Muda si mrefu, mwenye lori mmoja wa Beni alileta mbuzi kwa Papa Syauswa, akiomba binti huyohuyo. Mbuzi walipokelewa kwa muda, kama mzee alivyosema, ili watu wasione vibaya.

Sasa, ili mtu aelewe kilichotokea, lazima amwelewe Papa Syauswa na karatasi. Wakati wa vita vya pili alikuwa na lori zima la vyerehani lililosafiri kwa karatasi moja. Waasi walikamata ile karatasi, na kwa kuwa karatasi ilikuwa moja, lori zima lilikamatwa. Tangu siku hiyo alitoa amri kwa kila muuzaji, kila wakala, kila bandari: kila kartoni iwe na namba yake na hati yake. "Bakikamata moja, zingine zinapita." Wachina walishangaa, Wahindi walilalamika, lakini alikuwa analipa, wakakubali. Hata Novemba 2012, mamia ya vyerehani yakiwa njiani, kila kimoja kilisafiri na hati yake kama abiria mwenye pasipoti.

Mwezi huohuo Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23. Butembo haikuanguka, lakini ilisikiliza redio kwa sauti ndogo. Kampuni ya mizigo kule Dubai nayo ilisikiliza redio zake, ikasikia "Kongo ya mashariki", ikaogopa. Iliwaandikia wateja wote wa huku: kila mwenye mzigo aingie kwenye tovuti yake na kuthibitisha kila hati, moja baada ya nyingine, kabla ya kazi kufungwa Alhamisi. Hati isiyothibitishwa itahesabiwa kuwa mzigo uliotupwa na mwenyewe, na utauzwa.

Wafanyabiashara wengine walikuwa na hati moja au mbili. Walibofya, wakarudi nyumbani. Papa Syauswa, mtu mwangalifu kuliko wote, alikuwa na mamia, na barua ile alisomewa Jumatano jioni.

Alhamisi asubuhi alifika cyber kwa njia anayoijua yeye: na watu. Alileta wanawe, wabebaji wa depo, madereva wawili na nusu ya kwaya ya parokia. Kapiteni mmoja wa jeshi, mtu wa Mbandaka aliyekuwa akiandikiana na mchumba, aliombwa kwa heshima apishe kiti. Mzee aliwapanga wawili wawili mbele ya kila kompyuta, kama anavyowapanga wanaposhusha lori, akatangaza neno la siri kwa sauti ambayo soko zima lililisikia.

"Haya, mikono! Kila mutu aklike! Hapana kupumzika!"

Wakaanza. Kilichofuata kilikuwa kazi, hakuna atakayebisha. Jasho lilitoka. Lakini tovuti ile ilikuwa na mlango mmoja kwa kila mteja, na kila aliyeingia kwa jina la Papa Syauswa alimtupa nje aliyetangulia kuingia kwa jina lilelile.

"Nani amenitosha inje?"

"Miye hapana! Miye pia bamenitosha!"

"Ni weye wa kwaya! Toka kidogo!"

"Toka weye, nilikuwa ndani mbele yako!"

Walipotupana nje walibofya kwa nguvu zaidi, kwa sababu huko kwao kazi isipokwenda dawa yake ni nguvu. Hadi saa sita mchana walikuwa wamethibitisha kartoni chache mno, na fundi mmoja wa kubeba magunia alikuwa amevunja kipanya.

Ignace aliyaona yote kutoka nyuma. Hakuitwa, na mtu aliyekataliwa mlangoni hajipeleki jikoni. Victorine ndiye aliyekuja, akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Unaona?"

"Niko naona."

"Na unaikala tu."

"Hapana mutu ameniita."

"Miye niko nakuita. Sikia, Ignace. Zile masini za kushona zikipotea, papa hana tena kitu. Ule mwenye camion wa Beni ameshasema atamusaidia. Unajua atamusaidia ju ya nani? Ju yangu. Kesho ile mbuzi hazitakuwa tena za muda. Donc uchague: leo usimame, ama ulale muzuri maisha yako yote, peke yako."

Ignace alisimama. Mama Falonne alisema baadaye kwamba hilo peke yake lilitosha kunyamazisha chumba.

"Papa," alimwambia Syauswa, "bashike mikono yao. Bote batoke ku masini."

"Batoke? Kazi haijaisha!"

"Njo maana batoke. Mulango ni moja, papa. Mutu wa pili akiingia, wa kwanza anatupwa inje. Iko lazima moja tu abakie."

"Mutu moja? Aklike zote hizi mbele ya mangaribi? Na hii koneksio? Hawezi!"

"Hapana mutu, papa. Makako."

Mzee alimtazama binti yake. Victorine hakupepesa macho.

"Makako," alirudia Syauswa polepole, kama anayeonja dawa. "Na weye utafanya nini?"

"Nitaikala."

Kuna wakati ambapo mtu hana tena la kupoteza ila mbuzi wa mwingine. Syauswa alitikisa kichwa kukubali.

Ignace alifungua ukurasa ambao bado haujaguswa, akaandika. Kwenye kila mstari wa ule ukurasa kulikuwa na viungo viwili, "Confirmer" na "Renoncer", yaani kubali na achilia. Akamwamuru makako: kwenye mstari wa juu, bofya kiungo cha kwanza. Akafungulia. Makako akabofya, ukurasa ukafunguka upya, mstari ukabadilika rangi. Watu wakashangilia. Lakini kwenye mstari uliokwisha kukubaliwa, "Confirmer" ilikuwa imeondoka, na kiungo cha kwanza sasa kilikuwa "Renoncer". Makako, kwa utii wake, akakibofya.

Ignace alichomoa waya wa mtandao kwa nguvu hata kiti kikaanguka.

"Nini imefanyika?" Syauswa aliuliza.

Angeweza kusema koneksio, kwamba mtandao umekatika. Mwaka ule mjini Butembo hakuna lawama ambayo koneksio haikuikubali, na hakuna aliyewahi kwenda kuiuliza. Victorine mwenyewe alikuwa ameshafungua mdomo aiseme.

"Nimepoteza kartoni moja, papa," alisema Ignace. "Koneksio hapana na makosa. Ni miye. Nilimwambia atazame mahali, nilipaswa kumwambia atazame neno."

Mama Falonne aliita majina ya watakatifu watatu. Papa Syauswa alikuwa amedanganywa na waasi wa kila kundi, na forodha ya nchi tatu, na hata na kwaya. Alijua uongo unavyosimama, na maneno haya hayakusimama hivyo.

"Moja?"

"Moja, papa."

"Wale bengine bamenipotezea lori muzima, na hapana moja aliyeniambia ni yeye." Akakiinua kiti kilichoanguka, akakiweka sawa. "Ikala. Endelea."

Ignace alirudisha waya, na safari hii aliandika kwa neno: tafuta "Confirmer", bofya hiyo tu, usiguse kingine hata ukikikuta njiani. Alijaribu mara moja, akatazama, akajaribu tena. Kisha akafungulia. Makako alikwenda mbio ajabu, kartoni juu ya kartoni, watu wakaanza kuimba. Halafu ukurasa ukawa mweupe. Kifaransa cha adabu kikatokea: maombi ni mengi mno, tafadhali jaribu baadaye.

"Bamemufukuza," alisema Ignace. "Ametumika kazi mbio sana. Kule bamejua hapana mutu."

"Sasa?"

"Sasa namufundisha kupumzika."

Na hapo, mbele ya mji usiojua kupumzika, ilidhihirika kwamba elimu ya Ignace haikutoka chuoni peke yake. Mwingine angemwambia makako apumzike kwa kipimo kimoja, kama saa ya ukutani, na wale wa Dubai wangemtambua tena. Ignace alijua mvivu wa kweli anavyopumzika. Hapumziki sawasawa. Anafanya kidogo, anatazama dirishani. Anafanya viwili haraka kwa aibu. Kisha anakaa kabisa kama aliyekumbuka jambo. Yote hayo aliyageuza kuwa amri. Mlango ulipofunguliwa tena, makako alianza kubofya kama mtu wa ofisini aliyekula vizuri, na tovuti ikampokea kama ndugu.

Syauswa aliyatazama yale mapumziko kwa uchungu.

"Ju ya nini imesimama?"

"Inapumzika, papa."

"Tena?"

"Tena."

"Donc masini yako iko muvivu kama weye."

"Kabisa, papa. Njo maana hawaifukuze."

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko chote: watu wale wote walitakiwa kutofanya kitu. Ignace aliwakataza kugusa kompyuta. Walisimama wakitazama mikono yao. Mbebaji mmoja aliomba ufagio. Wa pili akaanza kuosha madirisha, ambayo hayakuwa yameoshwa tangu yawekwe. Madereva walibomoa na kuunda upya meza iliyokuwa ikiyumba. Kwaya ilishindwa kabisa ikaimba zaburi, kwa sauti ndogo, kwa kuwa mtu alisema sauti inaweza kusumbua koneksio. Papa Syauswa mwenyewe alitoka akalinda jenereta na kidumu cha mafuta, akiimwagia jenereta kila iliposhusha sauti. Helikopta ya Umoja wa Mataifa ilipita juu kuelekea Beni, na kwa mara ya kwanza mwezi ule hakuna aliyeinua kichwa.

Kapiteni wa Mbandaka, ambaye mchumba alikuwa bado anamngoja upande wa pili wa mtandao, alibaki amesimama nyuma ya Ignace, mikono mgongoni, kama anayekagua gwaride.

"Mwana oyo aza na mayele," alisema kwa Lingala, maana yake kijana ana akili. Halafu, kwa kuwa alikuwa afisa: "Huyu mutu, jeshini tungemuweka mu bureau, aikale ku meza."

Kwa watu wa Butembo hiyo haikuwa sifa, lakini walielewa kwamba nia ilikuwa njema.

Jua lilikuwa bado juu ya mikaratusi wakati makako alipofika ukurasa wa mwisho. Alitafuta neno lake, hakulipata. Alitafuta "Suivant", hakuipata. Akakaa.

Syauswa aliingia mbio, mkono bado unanuka mafuta. "Imesimama sana. Imekufa?"

"Hapana, papa. Imekosa kazi."

Victorine alisogea akasoma ukurasa kwa sauti, Kifaransa kizima, neno kwa neno, halafu akakitafsiri ingawa wote walikuwa wameelewa: hakuna hati inayongoja. Zote zimekubaliwa, isipokuwa moja, iliyoachiliwa na mwenyewe.

Chumba kililipuka. Mbebaji wa ufagio alimkumbatia kapiteni. Papa Syauswa hakushangilia. Alimkaribia Ignace, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, jinsi wanavyosalimiwa wazee.

"Umechoka?"

Ignace alifikiri. Jibu la adabu lilikuwa wazi na kila mtu mle ndani aliomba alitoe.

"Hapana, papa."

Mzee aliuachia mkono. "Hata ile hukuficha," alisema, akatoka.

Jioni ileile mbuzi walirudishwa Beni, wamelishwa, na salamu nyingi kwa mwenyewe. Na Jumapili ya pili baada ya hapo, Mathe alishuka kutoka Masereka katika koti lake la Krismasi, magunia mawili ya viazi yakimtangulia kwenye pikipiki, akaketi sebuleni kwa Papa Syauswa pamoja na wale wajomba wa soda. Ignace aliketi karibu na mlango, macho chini, kama anavyopaswa mtu anayeombewa mke.

Mathe alikuwa ameandaa hotuba yake njia nzima. Alikohoa, akaanza pale ambapo mzazi mwaminifu huanza, kwa kasoro.

"Papa Syauswa, hatukuje kuficha kitu. Huyu mutoto wangu, namujua. Mutu wa jembe hapana. Tangu mutoto, yeye ni muvivu, anapenda tu..."

"Papa Mathe," Syauswa alimkata, na mkono wake ulioinuka ulinyamazisha hata jikoni, ambako Victorine alikuwa akisikiliza na sahani mkononi. "Uniachie. Ni vibaya kutukana mukwe wangu mu nyumba yangu."

Wajomba walitazamana. Mathe alibaki na hotuba yake yote mdomoni, haina tena pa kwenda. Aliimeza polepole. Kisha mzee yule wa Masereka, aliyezoea kumwombea mwanawe radhi kwa kila aliyekutana naye, alinyoosha mgongo, akafunga vifungo vya koti, akaegemea kiti kwa starehe kamili, kama mtu asiye na kazi yoyote ya kufanya siku hiyo.